Mpigaji Mmoja, Vinanda Viwili: Historia Fupi na Sababu Yetu ya Kuiandika

Leo tunaleta insha ya historia, lakini inaanzia kwenye karatasi moja.

Miezi iliyopita kikundi chetu kiliandika orodha ya vifaa vya kwaya na mafunzo ya muziki. Tuliomba spika mbili, maiki tatu, betri ya sola na vinanda viwili. Karatasi iliporudi kutoka ofisini, neno "viwili" lilikuwa limekatwa kwa kalamu. Pembeni kumeandikwa: mpigaji ni mmoja, kinanda kimoja kinatosha.

Tuseme ukweli, wengine wetu walikasirika. Lakini tulipotulia tukaona swali lenyewe ni la haki. Mtu ana mikono miwili tu na vidole kumi. Vinanda viwili vya nini? Na siku hizi mgao wa chakula umepungua, kila mtu anahesabu. Anayeomba kitu cha pili lazima aeleze.

Basi badala ya kulalamika tukaamua kutafuta jibu. Tulikaa jioni kadhaa na simu mbili zenye bando, tukasoma, tukasikiliza, tukawauliza wakubwa. Kumbe swali hili si la leo. Watu waliliuliza kabla umeme haujagunduliwa.

Kabla ya umeme

Vinanda vya kwanza vikubwa vilikuwa ogani za makanisa ya Ulaya. Hewa inasukumwa na mivukuto, inaingia kwenye mabomba, na kila bomba lina sauti yake. Mpigaji akitaka kubadilisha sauti, anavuta vishikio ili kundi moja la mabomba lifunguke na lingine lifungwe. Sasa fikiria yuko katikati ya wimbo. Mikono yote inafanya kazi. Atavuta saa ngapi?

Mafundi wakapata jawabu: weka safu mbili au tatu za vitufe, moja juu ya nyingine, kila safu na mabomba yake. Safu moja sauti kubwa ya kuongoza watu wote, nyingine sauti ya upole ya kumsindikiza mwimbaji mmoja. Mkono unahama tu, hakuna kusimama. Katika mji wa Halberstadt, Ujerumani, ogani iliyojengwa mwaka 1361 ilikuwa tayari na safu tatu. Yaani zaidi ya miaka 650 iliyopita.

Johann Sebastian Bach naye, katika kitabu chake cha Goldberg Variations kilichochapwa mwaka 1741, aliandika kwa ajili ya kinanda cha nyuzi chenye safu mbili. Kuna sehemu humo ambapo mkono wa kulia na wa kushoto unapita mahali palepale. Kwenye safu moja vidole vingegongana. Kwenye safu mbili vinapishana kama watu wawili kwenye ngazi.

Hapo tayari tuna sababu mbili. Ya kwanza, sauti mbili tofauti kwa wakati mmoja. Ya pili, nafasi ya mikono.

Fundi saa wa Chicago

Ogani ya mabomba ni mali ya kanisa tajiri. Inajengwa ndani ya ukuta, haihami. Mwaka 1935 mtu mmoja wa Chicago, Laurens Hammond, alitoa ogani isiyo na bomba hata moja. Hammond hakuwa mwanamuziki. Alikuwa fundi, na kampuni yake ilitengeneza saa za umeme. Alichukua mota ya aina ileile inayozungusha saa bila kupotea mwendo, akaifanya izungushe magurudumu madogo ya chuma mbele ya sumaku. Kila gurudumu likizunguka linatoa noti yake.

Hammond alibakiza safu mbili. Vitufe 61 juu, vitufe 61 chini, na miguuni ubao wa kupigia besi. Makanisa ambayo yasingeweza kununua mabomba yakanunua Hammond, na kwenye makanisa ya Wamarekani weusi ikawa kama mtu wa familia. Mhubiri anasema, ogani inamjibu. Mwaka 1956 kijana wa huko, Jimmy Smith, akaanza kutoa rekodi za jazi kwa ogani hiyo: mkono wa kulia unaimba, wa kushoto na miguu vinapiga besi. Mtu mmoja anakuwa nusu ya bendi.

Ukisikia leo kwenye kinanda chetu kidogo ile sauti inayoitwa "organ", ile inayotetemeka wakati wa maombi, ni nakala ya mashine ya fundi saa huyu. Tofauti ni uzito. Hammond aina ya B-3 pamoja na vikorombwezo vyake ilizidi kilo 150. Sisi tunalalamika kubeba kinanda kwa bodaboda!

Piano iliyotoka kwenye ndege ya vita

Hapa tuliposoma tulinyamaza kidogo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwalimu wa piano Mmarekani, Harold Rhodes, alikuwa jeshini. Akaombwa awafundishe muziki askari waliojeruhiwa, waliolazwa hospitalini bila la kufanya. Piano haiwezi kuingia kitandani. Rhodes akachukua mabaki ya ndege za kivita aina ya B-17, mabomba membamba ya alumini, akayakata na kuyapanga yatoe noti. Akapata piano ndogo ya vitufe 29 ambayo mgonjwa anaiweka mapajani akiwa amelala.

Tulisema tuiandike hii kwa sababu ya wale wanaouliza, "Watu hawana chakula, nyinyi mnaomba kinanda?" Swali hilo tunaulizwa na wazazi wetu pia, si ofisi peke yake. Hatusemi muziki unashiba. Chakula kwanza. Lakini hospitali ile ilikuwa na majeraha, ilihitaji dawa na bandeji, na bado mtu aliona kwamba aliyelala miezi mingi akitazama dari anahitaji pia kitu cha kufanya na mikono yake. Sisi tumekaa hapa si miezi, ni miaka. Wengine wetu tumezaliwa hapahapa.

Baada ya vita Rhodes aliendelea, na mwaka 1965 piano yake ya umeme ya vitufe 73 ikaingia sokoni pamoja na jina la Fender. Ikapendwa sana. Na hapa kuna jambo dogo linalohusu swali letu: matoleo ya mwanzo yalikuwa na mfuniko uliopinda juu. Wapigaji walikuwa wakiweka kinanda kingine juu yake, kinateleza. Toleo la mwaka 1979 likaja na mfuniko bapa kabisa. Kiwanda kimekubali: sawa, tumejua, hampigi kimoja.

Miaka ya 1970: ukuta wa vinanda

Mwaka 1970 kampuni ya Robert Moog ilitoa Minimoog, sinthesaiza ndogo ya kubebeka. Sauti yake nene, inakata, kila mtu aliitaka. Lakini ilikuwa na mipaka miwili mikubwa.

Kwanza, inatoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza vitufe vitatu upate kodi, unapata noti moja. Kwa hiyo huwezi kuwa nayo peke yake. Kodi lazima zitoke kwenye kinanda kingine.

Pili, haina kumbukumbu. Sauti inatengenezwa kwa kuzungusha vinobu, na ukitaka sauti nyingine unavizungusha upya. Mbele ya watu, gizani, kwa sekunde mbili, haiwezekani. Ndiyo maana Rick Wakeman wa bendi ya Yes ya Uingereza alikuwa na Minimoog zaidi ya moja jukwaani, kila moja imeshatayarishwa sauti yake. Kando yake piano, ogani na Mellotron. Hiyo Mellotron ni kinanda cha ajabu: kila kitufe kina utepe wake wa kanda uliorekodiwa fidla au filimbi, na baada ya sekunde nane hivi utepe unaisha, lazima uachie kitufe urudi mwanzo.

Mwingereza mwingine, Keith Emerson, alisimama katikati ya Hammond mbili na sinthesaiza kubwa ya Moog iliyojaa nyaya kama swichibodi ya simu. Alikuwa akichoma visu kati ya vitufe vya ogani ili noti iendelee kulia yeye akishughulika kwingine. Vijana, msijaribu kwenye kinanda cha kwaya.

Watu wengi walidhani ni majivuno tu, kujionyesha. Kuna majivuno ndani yake, hatukatai, Wakeman alikuwa akivaa hata joho linalong'aa. Lakini mzizi wake ni shida ya kweli ya kifundi. Kila mashine ilijua kazi moja.

Tuliyempenda zaidi ni Joe Zawinul, mzaliwa wa Vienna, wa bendi ya Weather Report. Alikuwa na sinthesaiza mbili aina ya ARP 2600. Moja aliigeuza vitufe vyake: noti za juu ziko kushoto, za chini kulia. Alipiga hivyo katika kibao cha Black Market cha mwaka 1976. Kwa nini ajitese? Kwa sababu vidole vikizoea vinajipigia vyenyewe. Akivigeuzia njia, vinalazimika kufikiri. Baadaye Zawinul huyuhuyu alikuwa mtayarishaji wa albamu ya Salif Keita wa Mali, Amen, ya mwaka 1991.

Jirani yetu Hailu Mergia

Hapa Kakuma, ukipita kwenye mikahawa ya Wahabeshi jioni, utasikia muziki wa kinanda usio na mwimbaji, unazunguka taratibu kama moshi wa buni. Mwenye mkahawa mmoja ndiye aliyetutajia jina: Hailu Mergia.

Mergia alikuwa mpiga kinanda wa Walias Band ya Addis Ababa, bendi iliyopiga miaka mingi katika hoteli ya Hilton. Mwaka 1974 Mfalme Haile Selassie alipinduliwa, Derg ikashika nchi, na usiku ukawa na amri ya kutotoka nje. Mwaka 1981 bendi ilipata safari ya kupiga Marekani. Safari ilipokwisha, baadhi walirudi nyumbani, wengine hawakurudi. Mergia alibaki Washington.

Mwaka 1985 aliingia studio peke yake. Bila bendi. Alichukua akodioni, ala aliyoanza nayo ujanani, akaizungushia vinanda: piano ya Rhodes, sinthesaiza ya Moog, Yamaha DX7 na mashine ya ngoma. Ile ilikuwa studio, sauti zilirekodiwa moja baada ya nyingine, si jukwaani. Lakini sisi tunaielewa kazi ile vizuri. Mtu amepoteza bendi, basi anaijenga upya kwa vinanda. Hiki kitakuwa besi, hiki kitakuwa wapuliza tarumbeta, hiki kitakuwa rafiki aliyebaki Addis.

Baadaye akawa dereva wa teksi. Ndani ya buti la gari aliweka kinanda kidogo, na uwanjani wa ndege, akisubiri abiria, alikitoa akafanya mazoezi. Miaka ikapita hivyo. Mwaka 2013 kanda ile ya 1985 ikatolewa upya, dunia ikamsikia, na mzee akarudi jukwaani, akizunguka nchi nyingi na vinanda, akodioni na melodika. Mwaka 2018 akatoa albamu mpya, Lala Belu.

Tukimweleza mtu kwa nini tunafanya mazoezi hata kama hakuna onyesho, tunamtaja huyu.

Kebo ya pini tano

Tatizo la ukuta wa vinanda lilikuwa hili: kila kampuni na lugha yake. Kinanda cha Marekani hakisemezani na cha Japani. Kama kambi isiyo na lugha ya pamoja.

Ikutaro Kakehashi alizaliwa Osaka mwaka 1930. Hajafika miaka mitatu wazazi wote wawili wamekufa kwa kifua kikuu. Baada ya vita, akiwa kijana wa miaka 16, alianza kutengeneza saa ili apate riziki. (Tazama, fundi saa wa pili!) Kisha kifua kikuu kikampata na yeye, akalazwa muda mrefu, akapona kwa dawa mpya ya streptomycin. Hakusomea muziki. Lakini mwaka 1972 alianzisha kampuni ya Roland.

Upande wa pili, California, alikuwepo Dave Smith. Mwaka 1978 kampuni yake ilitoa Prophet-5, sinthesaiza ya noti tano kwa pamoja yenye kumbukumbu ya sauti 40. Bonyeza kitufe, sauti imebadilika. Shida ya Wakeman imekwisha.

Hao wawili, washindani wa biashara, wakashawishi wenzao wakubali lugha moja ya vinanda vyote. Januari 1983, kwenye maonyesho ya ala California, waliunganisha Prophet-600 ya Smith na Jupiter-6 ya Roland kwa kebo ya pini tano. Ukipiga hapa, na kule kunalia. Lugha hiyo inaitwa MIDI. Inabeba njia 16 kwa kebo moja, na waliitoa bure, kampuni yoyote itumie bila kulipa. Kwa kazi hiyo, mwaka 2013, Smith na Kakehashi walipewa tuzo ya ufundi ya Grammy. Mpaka leo, hata ukichomeka kinanda cha bei nafuu kwenye kompyuta, ni lugha ileile.

Hapa lazima tuwe waaminifu, maana ndugu yetu mwenye kalamu anaweza kutubana. Baada ya MIDI, hoja ya vinanda vingi ilipungua nguvu. Mwaka 1983 huohuo Yamaha DX7 ilileta noti 16 kwa pamoja. Mwaka 1988 Korg M1 ikaweka ndani ya sanduku moja piano, fidla, ngoma, besi na kinasa cha kupanga wimbo mzima. Na karibu kila kinanda cha leo kinaweza kugawanywa: upande wa kushoto besi, wa kulia piano. Kwa hiyo mtu akituambia, "Kinanda chenu kimoja kina sauti mia tano ndani," hasemi uongo.

Sasa, kwa nini wapigaji bado wanaweka viwili?

Pwani na kwetu

Jibu moja liko karibu, pwani ya Kiswahili. Taarab ya zamani ya Unguja, ya vikundi kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, ni kundi kubwa la watu: fidla kadhaa, ganuni, udi, nai, akodioni, ngoma. Mwaka 1992 kikaja kikundi cha East African Melody na taarab ya kisasa, rusha roho. Vinanda vikachukua nafasi ya fidla, akodioni na ngoma, pamoja na gita na besi. Kikundi kidogo kinaingia kwenye gari moja na kwenda harusini popote. Wazee walinung'unika, na manung'uniko yao yana maana: waliopiga fidla walikosa kazi. Lakini pia muziki ulifika mahali ambapo watu ishirini wasingefika.

Mwaka huo wa 1992 ndio kambi yetu ya Kakuma ilifunguliwa. Tumekua sambamba na rusha roho!

Kwenye kwaya zetu za Wakongomani kinanda kinafanya kazi ya gita. Wimbo unaanza polepole, wa kuabudu, mkono wa kushoto unashika kodi za fidla. Kisha unageuka, seben inaingia, watu wanasimama, vumbi linaruka. Hapo kinanda lazima kipige akompa na solo ya gita papo hapo. Kwenye kinanda kimoja chenye vitufe 61, ukikigawa katikati, kila mkono unabaki na vitufe thelathini tu. Solo inataka kupanda, inagonga ukuta. Tulisoma habari za Bach tukacheka: mzee, shida yako ndiyo yetu.

Na kuna usiku mmoja hatutausahau. Tulikuwa kwenye matanga ya mama mmoja wa bloku yetu. Kwaya imesimama, wimbo wa tatu, kinanda kikazima. Vumbi lilikuwa limeingia kwenye tundu la waya wa umeme. Tulikipuliza, tukakipiga kofi, hakikuwaka. Kwaya iliendelea bila ala, ndiyo, tunajua kuimba kwa mdomo. Lakini watoto wa marehemu walikuwa wameomba wimbo ule kwa sababu ya kile kipande cha kinanda alichokuwa akikipenda mama yao, na hatukuweza kukitoa. Mwisho wa kitanda cha waombolezaji alikuwepo kijana wa kwaya ya Warundi, jirani zetu tuliokuwa tukishindana nao kila Krismasi. Aliondoka bila kusema neno. Baada ya nusu saa akarudi na kinanda chao begani. Tukapiga.

Tangu siku ile, kwenye sherehe kubwa tuliweka vinanda vyote viwili pamoja. Chao chini, chetu juu, kwenye stendi tuliyochomelea vyuma vya kitanda kibovu. Chini fidla na besi, juu piano na gita. Kwaya mbili zikawa zinafanya mazoezi siku moja. Hata ule ushindani wa Krismasi ukageuka utani.

Mwaka jana wale wenzetu wengi walisafiri. Kinanda chao kiliuzwa ili familia moja ipate nauli na mahitaji ya njiani. Hatuwalaumu, hata sisi tungeuza. Lakini ndivyo tulivyorudi kwenye kinanda kimoja, na ndiyo maana neno "viwili" lilikuwa kwenye ile karatasi.

Jibu letu

Kwa hiyo ndugu yetu uliyekata kwa kalamu, na wote mnaofanya kazi na vijana kambini, hili ndilo jibu, kwa ufupi.

1. Sauti mbili kwa wakati mmoja, na nafasi ya kutosha kwa kila mkono. Sababu hii ni ya tangu 1361, na kinanda chenye sauti mia tano hakijaongeza vitufe.

2. Kimoja kikizima, kingine kinaendelea. Hapa kuna vumbi, kuna joto, kuna umeme wa sola unaopanda na kushuka. Wapigaji wakubwa wa dunia hubeba cha akiba. Sisi tusio na fundi karibu ndio tunaokihitaji zaidi.

3. Hii ndiyo kubwa, na hatukuiandika kwenye fomu kwa sababu fomu haikuwa na mstari wake. Kinanda cha pili ni kiti cha pili. Siku za maonyesho vinapigwa na mtu mmoja. Siku nyingine sita, mmoja anafundisha hapa, mwingine anajifunza pale, wanasikilizana. Tunao sasa hivi wasichana wawili na mvulana mmoja wanaosubiri zamu. Kwa kinanda kimoja, kila mmoja anapata nusu saa kwa wiki. Ukihesabu, ni saa mbili kwa mwezi. Huwezi kumfundisha mtu kwa saa mbili, unamwonjesha tu.

Na mpigaji wetu wa sasa naye ana jina kwenye orodha ya usaili wa kusafiri. Tunamwombea apite. Akipita, anaondoka na vidole vyake. Kama hakuna aliyekaa kwenye kiti cha pili, kwaya itabaki na kinanda kisicho na mtu.

Tumeandika upya ombi letu. Safari hii tumepunguza: badala ya vinanda viwili vipya tumeomba kimoja, hata kiwe kimetumika, na kebo ya pini tano. Spika tumeomba moja. Chetu cha zamani tumekifungua, tumekisafisha kwa brashi ya rangi, tumekishonea kifuniko cha kitenge. Kinalia, isipokuwa kitufe kimoja cha Fa, ambacho wote tumeshajifunza kukikwepa.

Karatasi tumeipeleka Jumatatu. Insha hii tumeibana nyuma yake.

Kama kikundi chenu kina kinanda kilichokufa, msikitupe kwanza. Tuandikieni. Huenda chenu kina Fa nzima.